Fungua Hazina Kwanza, Idrisa

Tanga

Mwanangu Idrisa,

Goti la baba yako limepoa, na ameanza tena kwenda mwenyewe sokoni Ngamiani kubishana bei ya nazi. Nimeona nikuandikie barua kamili, maana nikikutumia ujumbe mrefu kwenye simu hunijibu kwa kidole gumba, nami nabaki sijui kama umesoma au umepita tu.

Mwenyekiti wa chama chetu cha mchezo wa Forge of Empires ameniletea lile ombi lako. Usimlaumu. Mimi ndiye niliyekudhamini ulipoingia, kwa hiyo aliona si adabu kulijibu bila mimi kujua. Unataka wanachama watatu waondolewe kabla ya awamu ijayo ya Uwanja wa Vita: yule muuguzi wa Ureno, yule mzee wa Uholanzi asiyetoka Zama za Chuma, na yule dada wa Brazili ambaye, kwa maneno yako, kazi yake ni kupamba barabara. Sababu yako ni moja, kwamba hawapigani. Na neno ulilowaita ni "mzigo".

Kwamba wewe unapigana, sikatai. Nimeitazama orodha ya awamu iliyopita na jina lako liko juu kabisa, juu hata ya mwenyekiti. Kwa mtu aliyeanza Forge of Empires juzi juzi, hilo si dogo. Umejenga Sanamu ya Zeus, Kanisa Kuu la Aachen na Castel del Monte, ukayapandisha majengo hayo kwa zamu jinsi inavyotakiwa, na jeshi lako ni lile lile la wajanja wote: askari mmoja wa kweli na wahuni saba. Najua utamu wake. Mhuni akipigwa mara ya kwanza haumii, anageuka kuwa askari kamili kama yule aliyesimama naye, na adui amekwisha poteza pigo lake. Unabonyeza vita vijiendeshe vyenyewe, sekunde chache bendera imesogea, unabonyeza tena. Mtu anaweza kupitisha hapo hotuba nzima ya mhadhiri.

Lakini hebu tuanze na mchezo wenyewe, maana nadhani ugomvi umeanzia hapo.

Baba yako alikufundisha bao. Kwenye bao hakuna ubishi wa nani kafunga: safu ya mbele ya mwenzako ikiisha kete, au akikosa pa kuchezea, basi, mnapanga upya. Kete 64, mashimo 32, na mwisho mmoja ambao wote wawili wanaujua kabla hawajakaa mkekani. Huu mchezo wetu hauna mwisho wa namna hiyo. InnoGames ya Hamburg ilipoutoa mwaka 2012 ilikupa mwanzo tu: kipande cha ardhi, ukumbi wa mji na vibanda vya Zama za Mawe. Kutoka hapo unapanda: Shaba, Chuma, Zama za Kati zenye vipande vitatu, Ukoloni, Viwanda, unapita zama tulizonazo leo, unaingia wakati ujao, mpaka wengine sasa wanajenga kwenye sayari ya Mirihi na kuendelea. Ukifika ukingoni, kampuni inaongeza zama nyingine. Hakuna kengele itakayolia kwamba fulani ameshinda twendeni nyumbani. Orodha ya pointi ipo, lakini hata aliye juu kesho ataamka na kukusanya sarafu kama sisi.

Mchezo usio na mwisho unamlazimisha kila anayeingia ajiwekee mwisho wake, na wengi hujiwekea bila kujua. Wewe ulijiwekea vita. Hakuna aliyekukataza. Kosa ni pale ulipodhani ulichojichagulia ndiyo sheria ya mchezo, kisha ukaanza kuwapima wenzako kwa kipimo ambacho wao hawakukikubali.

Jambo hili lilionekana zamani, hujazaliwa. Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw, alianza kutengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa MUD, wa watu wengi kucheza pamoja, maandishi matupu bila picha hata moja. Mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Mwaka 1996 Bartle huyo akaandika makala kuhusu watu wanaocheza michezo ya aina hiyo, akawagawa mafungu manne kwa alama za karata. Uru ni wale wanaotaka kupanda daraja na kujaza hazina. Shupaza ni wachimbaji, wanaotaka kujua mchezo unafanyaje kazi na kona zake zote. Kopa ni watu wa watu, waliokuja kwa ajili ya mazungumzo, mchezo ni kisingizio tu. Na pau ni wale ambao raha yao ni kumtwanga mwingine. Mimi mgawanyo wenyewe haunishangazi sana, mwalimu yeyote aliyesimamia darasa la watoto hamsini angeweza kuuandika. Kilichonivutia ni alichosema baada yake: mafungu hayo yanategemeana. Pau wakizidi mno, wengine wanahama, na pau wanabaki hawana wa kumtwanga.

Halafu mwaka 2006 Nick Yee, aliyewahoji wachezaji 3,000, akaonyesha kwamba kuta kati ya mafungu hayo si ngumu hivyo. Mtu anaweza kupenda kushinda na kupenda watu kwa pamoja, na moja halipunguzi jingine. Hilo likumbuke nikianza kukueleza hao watatu wako, maana hata mimi nitawapa majina ya haraka haraka ambayo hayawatoshi.

Muuguzi kwanza. Anafanya kazi zamu za usiku. Sasa fikiria kiwanda kimoja cha mchezo wetu: unaweza kukiamuru kizalishe kwa dakika 5, dakika 15, saa 1, saa 4, saa 8 au saa 24. Ukihesabu kwa saa, dakika 5 ndizo zenye faida kubwa na saa 24 ndizo zenye faida ndogo. Wewe mwenye simu mkononi kutwa unachagua dakika 5, na ukimwona mwenzako amechagua 24 unasema hajui kucheza. Anajua sana. Anaingia mara moja kwa siku akitoka zamu, anakusanya kila kitu, anapanga upya, analala. Mji wake umejengwa kwa ajili ya maisha hayo. Hana haja ya Uwanja wa Vita, ambako mtu anatakiwa awepo pale eneo linapofunguka, hata kama ni saa tisa usiku na yuko wodini. Badala yake amejenga Observatory na Arc, na majengo yote mawili humwaga bidhaa kwenye hazina ya chama kila siku. Arc yake iko ngazi ya 80. Nitairudia hiyo Arc.

Mzee wa Uholanzi amepiga kambi. Umemcheka kwamba ameshindwa kupanda. Hakushindwa, amekataa. Maadui wa Safari ya Chama hupangwa kufuatana na zama zako, lakini asilimia za nguvu unazopewa na Zeus, Aachen na Castel del Monte hazijali uko zama gani. Na mchezo unakuruhusu kujenga jengo kuu la zama za mbele hata kama mwenyewe uko nyuma, ilimradi umekusanya ramani zake 9 na bidhaa zinazotakiwa. Mzee ameyapata yote kwa kubadilishana, akayapandisha taratibu, sasa ana nguvu za mtu wa zama za mbali akiwa anapambana na mikuki na mapanga ya Chuma. Safari ina vituo vingi. Inafunguka Jumanne, naye Jumanne hiyo hiyo anakuwa ameimaliza, kisha anakwenda kwenye bustani yake ya kweli. Huyo ndiye shupaza halisi. Ameusoma mchezo akaona mlango ambao wewe umeupita mbio.

Na usidhani chama hakimhitaji. Ngazi za juu za Safari hufunguliwa kwa bidhaa za hazina, na bidhaa zenyewe hutegemea wanachama wako zama zipi. Mpingo, mawe ya chokaa, vito, nguo na chuma, hizo ndizo bidhaa tano za Zama za Chuma, na kwenye hazina yetu sehemu kubwa imetoka kwake. Sisi wengine viwanda vya zama hizo tulivibomoa zamani.

Dada wa Brazili, ndiye unayemwonea kuliko wote. Nimekwenda kutazama mji wako nikatazama na wake. Mji wako unazalisha kumzidi, hilo nakupa bila kubishana. Umeondoa nyumba karibu zote, umeondoa bustani, umejaza majengo ya matukio: meli imebanana na mnara wa sherehe za majira ya baridi, nyuma yake sijui ni hekalu au duka, na barabara ni kijinjia kimoja kinachopinda pinda ili kila jengo liguse. Wakubwa wote wa pointi ndivyo wanavyojenga. Yeye ameacha mtaa mzima wa zama zilizopita kwa sababu unampendeza, na barabara zake pana zinakutana kwa pembe mraba. Kwa hesabu ni hasara. Nami, mwalimu wa hesabu mstaafu, nakwambia kuna siku huingia mjini mwake kutembea tu, sibonyezi kitu.

Lakini si barabara tu. Ulipokosa bidhaa za kujengea Aachen, nani aliyekuwekea sokoni moja kwa moja? Kila mmoja wetu ana bidhaa chache ambazo ramani imempendelea, na usipokuwa na upendeleo huo kiwanda kinakupa kimoja pale ambapo mwenzako anapata vitano. Ndiyo maana biashara haikwepeki. Ukinunua kwa mtu wa nje ya chama unatozwa pointi moja ya kujengea juu ya bei, ndani ya chama hakuna tozo. Huyu dada ndiye soko letu. Anashika kumbukumbu ya nani anatafuta nini, na asubuhi yake huanza kwa kupita miji ya wanachama wote, kung'arisha hiki na kuhamasisha kile. Chama kinaruhusu watu 80. Wewe umewahi kuwapitia wote 80 kwa siku moja?

Sasa Arc. Fungua Castel del Monte yako, bonyeza orodha ya waliochangia ngazi ya mwisho, kisha tufanye hesabu. Tuseme nafasi ya kwanza ya ngazi hiyo ina zawadi ya pointi 100. Mtu asiye na Arc akiweka 190, ngazi ikikamilika atarudishiwa 100, amepoteza 90. Mwenye Arc ya ngazi ya 80 huongezewa asilimia 90 juu ya zawadi. Akiweka 190, zinarudi 190, na ramani anaondoka nazo. Yeye hakupoteza kitu, wewe umepata pointi 190 za kujengea. Kwa mwendo wa pointi moja kwa saa, ile inayojijaza yenyewe, 190 ni karibu siku nane. Nafasi ya kwanza kwenye orodha yako ni ya nani? Ya muuguzi. Ya pili je? Ni yule dada. Hizo asilimia zako za kushambulia, ambazo ndizo zinazokufanya uwaone wenzako dhaifu, zimepandishwa kwa pointi zao.

Afadhali wao, maana wangeweza kuwa wadokozi. Unawajua: mtu wa nje anachungulia majengo ya majirani na marafiki, akiona mwenye jengo amesogea karibu na mwisho na nafasi ya kwanza bado iko rahisi, anatumbukiza pointi za kutosha ili asiweze kupitwa. Anaweka 120, Arc yake inamletea 190, na zile 70 ni zake. Mwenye jengo anabaki kulipia pengo. Hakuna kanuni ya mchezo inayokataza, na wapo wanaojivunia ustadi huo kama vile wamevumbua umeme. Mimi siwapendi. Hata hivyo wamenifundisha kupiga hesabu ya kufunga nafasi kabla sijaweka pointi yangu mwenyewe, kwa hiyo hata wao wana matumizi.

Na wapo waporaji. Nilipoanza mchezo huu, uporaji ndio uliokuwa ugomvi mkubwa wa majirani. Jirani akikushambulia akashinda, aliruhusiwa kuchukua mazao ya jengo moja ambalo limeshakomaa na hujalikusanya. Kulikuwa na mmoja kwenye mtaa wangu, alikuwa akipita alfajiri kama muadhini, kila siku. Watu walimtumia matusi ya kila lugha. Mimi nilimsoma ratiba. Nikapanga viwanda vyangu vikomae saa ambayo nimekwisha amka, na vile vilivyobaki nikawaomba wenzangu wa chama wavihamasishe, kwa kuwa jengo lililohamasishwa lilikuwa haliporwi. Hapo ndipo nilipojua umuhimu wa watu wanaopita pita miji ya wenzao na kubonyeza. Waliokuwa wakionekana hawana kazi ndio waliokuwa walinzi.

Turudi kwenye vita vyako, maana nataka uone jambo moja kwa karibu. Kwenye Uwanja wa Vita kila ukishinda unaongezeka uchovu, na uchovu ukipanda, adui anakuwa mgumu zaidi, mpaka unafika mahali wahuni wako wote saba wanateketea. Kesho yake unaanza tena sifuri. Mbona wewe unapigana mara nyingi hivyo kwa siku bila kuchoka? Kwa sababu ya kambi za kuzingira. Tukijenga kambi kwenye maeneo yetu yanayopakana na eneo unalolipiga, kuna uwezekano mkubwa ushinde na uchovu usiongezeke. Kambi hizo hazijengwi kwa sarafu zako wala kwa medali zako. Zinajengwa kwa bidhaa za hazina ya chama, maelfu kwa maelfu, na eneo likitekwa kambi zimekwenda nalo. Kila awamu ni siku 11, kisha mapumziko siku 3. Hesabu mwenyewe zinajengwa kambi ngapi na kubomoka ngapi.

Hazina ina daftari. Humo huonekana nani ameingiza nini. Mimi nimelifungua. Majina matatu ya juu kwenye bidhaa ni haya haya matatu unayotaka yafutwe. Jina lako liko chini sana, wala sikulaumu, kwa sababu viwanda vya bidhaa umevibomoa ukaweka majengo ya kijeshi, na hivyo ndivyo mpiganaji anavyotakiwa kujenga. Lakini mpiganaji ni mlaji mkubwa wa bidhaa kuliko mtu yeyote kwenye chama. Ukiwafukuza hao watatu mwezi huu, mwezi ujao utapigana bila kambi, utachoka kabla ya chai ya saa nne, na utamwandikia mwenyekiti kwamba chama kimelegea.

Usinielewe kwamba wao hawakuhitaji. Maeneo unayoteka ndiyo yanayokiongezea chama nguvu, chama kinapanda ngazi, na faida za ngazi humfikia kila mwanachama, pamoja na mzee wa Uholanzi kwenye bustani yake. Mimi binafsi sipigani, na ningekuwa peke yangu ningebaki kwenye mazungumzo ya Safari, yale ya kukisia kila mmoja wa wale watu watano anataka bidhaa gani kwa majaribio matatu. Hiyo ndiyo starehe yangu: alama moja inakwambia umepatia, nyingine kwamba bidhaa hiyo inatakiwa na mtu mwingine, ya tatu kwamba hakuna anayeitaka, na kutoka hapo unachuja. Ni hesabu safi ya uwezekano. Wewe uliwahi kuniambia kwamba ni kupoteza bidhaa wakati vita ni bure. Bure kwa nani, nimekwisha kukuonyesha.

Sasa usitoke hapa ukadhani shangazi yako anasema kila mtu aachwe afanye apendavyo. Hapana. Mtu anayetaka kuachwa kabisa acheze bila chama, inawezekana, na wapo wengi wenye furaha zao. Ukiingia chama umekubali masharti, na sisi masharti yetu unayajua: Safari kila wiki hata kama ni ngazi ya kwanza tu, mchango wa bidhaa au wa vita, na usipokuwepo kwa muda utoe taarifa. Ukilisoma daftari kwa masharti hayo utaona mizigo ipo kweli. Kuna mmoja anapigana karibu kila siku, anazitumia kambi kama za kwake, Safari hagusi, na kwenye hazina hajaweka hata kipande cha chokaa. Hukumtaja kwenye ombi lako kwa sababu anafanana na wewe. Kuna mwingine amepamba mji vizuri sana, hasalimii, habadilishani, hachangii, na anangojea watu wampandishie majengo. Hao wawili wana mitindo inayopingana kabisa na wote wawili ni mizigo. Mwenyekiti anawajua. Mmoja amekwisha andikiwa.

La mwisho ni la kwako wewe na si la chama. Baba yako ameniambia umenunua almasi. Mchezo ni wa bure kuingia, na kampuni inaishi kwa kuuza almasi hizo, ndiyo maana kila tukio lina jengo ambalo linakubakizia hatua moja kukamilika siku ya mwisho. Wapo wanaonunua na fedha ni zao, nao ni mtindo kama mitindo mingine, tena wenye fedha zao hunisaidia mimi nisiyelipa kwa kuwa ndio wanaouweka mchezo hai. Wewe unanunua kwa boom. Boom ni ya chakula, chumba na vitabu. Mpiganaji mvumilivu hupata almasi kidogo kidogo kwenye Safari na matukio, na wahuni wako wanazalishwa bila almasi ukiwa na Alcatraz. Ijenge hiyo, nitakutafutia ramani zilizobaki kwa wenzetu.

Pigana, Idrisa, wala usipunguze. Ila kabla awamu haijafunguka Alhamisi, mwandikie mwenyekiti kwamba umeliondoa ombi. Lile neno "mzigo" uliliandika kwenye ukumbi wa mazungumzo ambako wote wanasoma, kwa hiyo maneno ya kulifuta uyaandike hapo hapo, kwa Kiingereza chako hicho kizuri, ukimtaja kila mmoja wao watatu. Kisha weka kiwanda kimoja tu cha bidhaa, nafasi ipo nyuma ya ile meli, na mazao yake ya wiki ya kwanza yaende hazina.

Nijibu kwa maneno, si kwa kidole gumba.

Shangazi yako